Aliyemzomea Alikuwa Amevaa Jezi Ileile

Dakika sabini zilikuwa zimepita, na timu ya Dar es Salaam ilikuwa inaongoza kwa mabao mawili, pale mwamuzi wa akiba alipoinua kibao cha namba pembeni mwa uwanja. Sisi tulikuwa Magomeni, Mtwara, ndani ya kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, feni moja na televisheni iliyofungwa juu kiasi kwamba wanaokaa mbele hutoka na maumivu ya shingo. Kamera ilimsogelea mchezaji aliyekuwa akijiandaa kuingia. Alivua koti la mazoezi, akainama kugusa nyasi, akaupeleka mkono kifuani, kisha akasimama kwenye mstari akimsubiri mwenzake atoke. Kila aliyekuwa mle ndani alimjua, kwa sababu kijana huyo amekulia mtaa huohuo, amecheza mchangani pamoja na wadogo zetu, amepanda hadi timu ya nyumbani na kuwa winga wake bora, na sasa amesajiliwa na mojawapo ya timu kubwa za nchi.

Nilijiandaa kwa shangwe.

Badala yake kibanda kizima kilimzomea. Aliyeanzisha alikuwa dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mtu wa kwetu kabisa, aliyesimama juu ya benchi na kuzungusha mkono hewani kana kwamba kijana angeweza kumwona kupitia kioo. Zomeazomea hiyo isingenishangaza sana, maana kuzomea ni sehemu ya mpira, isipokuwa kwa jambo moja: dereva huyo alikuwa amevaa jezi ya timu ileile ambayo kijana alikuwa akiingia kuichezea. Alikuwa ameilipia kiingilio kuitazama, alikuwa ameimba nyimbo zake tangu kipindi cha kwanza, na baada ya kumzomea mchezaji wake mpya alikaa akaendelea kuishangilia. Dakika chache baadaye kijana alimpita beki upande wa kulia, akapiga krosi, ikazaa kona. Dereva aliishangilia kona, akamzomea aliyeipata.

Sitaitaja timu hiyo. Mtwara zinazowezekana ni mbili tu, Simba na Yanga, na mkishajua ni ipi, nusu yenu mtaacha kusoma hapa. Kijana naye simtaji, kwani amesemwa vya kutosha.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kuzomewa kwa mchezaji aliyehama tunakufahamu sote. Desemba 2022 Feisal Salum alipotaka kuvunja mkataba wake na Yanga, na baadaye alipouzwa Azam Juni 2023, watu wa Newala na Tandahimba walimkasirikia Mzanzibari aliyekuwa akiondoka Jangwani, makao ya Yanga, kana kwamba ameondoka nyumbani kwao. Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, walikasirika wengine. Katika visa vyote hivyo, hata hivyo, hasira ilifuata jezi: aliyevaa nyekundu alimzomea aliyeivua. Mle kibandani hasira haikufuata jezi hata kidogo, na ndiyo maana niliona ni lazima ina chanzo kingine.

Hakuaga

Jibu la kwanza nililopewa, na karibu kila niliyemuuliza, lilikuwa kwamba hakuaga. Usajili wake ulikamilika dirisha likiwa linakaribia kufungwa, na watu wa mtaani waliona kwenye simu zao picha ya kijana akiwa ameshika jezi mpya katikati ya viongozi wenye suti, ilhali siku hiyohiyo wenzake walikuwa wamemsubiri mazoezini wakidhani amechelewa. Huku Kusini, ambako kwa jamii zetu nyingi mjomba ana kauli nzito kuliko baba, mtu hata akienda kukaa Masasi kwa muda hupita kwanza kwa wakubwa zake. Hapiti kuomba ruhusa. Anapita ili siku akirudi asionekane mgeni.

Nililiamini jibu hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu lilikuwa na heshima ndani yake. Lilisema kwamba tatizo letu ni adabu, na tatizo la adabu ni jepesi kulikubali. Kisha nikaanza kulipima kwa kisa cha mbali ambacho wapenzi wa mpira wa kikapu wanakijua vizuri kuliko mimi.

Tarehe 8 Julai 2010 LeBron James, mzaliwa wa Akron, mji ulio karibu na Cleveland katika jimbo la Ohio, aliketi mbele ya kamera za kituo cha ESPN na kuitangazia Marekani nzima kwamba anaiacha timu ya nyumbani na kwenda Miami. Kama ni kuaga, huko kulikuwa kuaga kwa kipindi maalumu cha televisheni. Usiku uleule jezi zake zilichomwa moto mitaani Cleveland, na mmiliki wa timu, Dan Gilbert, akatoa barua ya hasira akiapa kwamba Cleveland ingetwaa ubingwa kabla ya huyo aliyejiita mfalme. Haikuwa hivyo. LeBron alitwaa ubingwa na Miami mwaka 2012 na 2013, akarudi nyumbani 2014, na mwaka 2016 akaiongoza Cleveland kuifunga fainalini Golden State iliyokuwa mbele kwa michezo 3 kwa 1, ukawa ubingwa wa kwanza wa timu yoyote kubwa ya mji huo, katika mchezo wowote, tangu 1964. Miaka miwili baadaye aliondoka tena, safari hii kwenda Los Angeles, kwa taarifa fupi tu iliyotolewa na ofisi ya wakala wake.

Mara hii ya pili mji haukumchomea jezi kama mara ya kwanza. Wengi walimshukuru.

Aliyeaga kwa kirefu alichomewa jezi, na mtu huyohuyo alipoondoka kwa mistari michache alisindikizwa kwa baraka. Hapo nadharia ya kuaga iliniponyoka. Ni kweli kwamba mwaka 2018 alikuwa ameshalipa deni lake kwa kombe, na kwa hiyo pengine suala ni deni. Lakini kijana wetu alikuwa anadaiwa nini, na nani aliyemkopesha? Nitarudi huko.

Bomba

Jibu la pili nililipata kwenye baraza moja Shangani, hapahapa Mtwara, kwa mzee ambaye hacheki anapocheza bao na hazungumzi sana anapopoteza. Aliniambia kwamba kila kizuri cha Kusini huwekewa bomba. Hakuhitaji kufafanua. Sote tunaukumbuka mwaka 2013, Januari na kisha Mei, watu walipoingia barabarani kupinga gesi kusafirishwa kwenda Dar es Salaam kabla mkoa haujaonja faida yake, na tunakumbuka kilichofuata, ambacho wapo ambao hadi leo hawapendi kukisimulia mbele ya watoto. Bomba lilijengwa na kuzinduliwa 2015. Korosho nazo zimekuwa zikipanda meli zikiwa ghafi miaka yote, zikabanguliwe India na Vietnam. Kwa mzee huyo, kijana mwenye mguu wa kushoto ni shehena nyingine katika orodha ndefu.

Nilitikisa kichwa kukubali, kama inavyompasa mdogo, lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani hoja ilianza kulegea. Gesi haikuulizwa kama inataka kwenda. Kijana aliulizwa, akasema ndiyo, na nadhani wengi wetu tungesema ndiyo kwa sauti kubwa zaidi. Isitoshe, sisi si watu wa kuchukia safari. Maelfu ya vijana wa Lindi na Mtwara waliondoka kwenda kuuza bidhaa mitaani Dar es Salaam, tena miaka ile ambayo barabara ya Kibiti hadi Lindi ilikuwa inawalaza abiria njiani wakati wa masika, na hakuna aliyewazomea stendi. Benjamin Mkapa aliondoka kijijini Lupaso, wilayani Masasi, akawa Rais wa nchi, na leo timu hizo mbili kubwa zinapokutana, mara nyingi zinakutana katika uwanja wenye jina lake. Sijawahi kumsikia mtu wa Masasi akilalamika kwamba mzee yule alichukuliwa.

Kwa hiyo kuondoka kwenyewe si kosa. Na kama ni kuchukuliwa, mbona mtu huyohuyo anayelia kwamba tumechukuliwa amevaa jezi ya aliyechukua?

Uwanja ukijaa

Hapa lazima niseme jambo ambalo halitanipatia marafiki. Timu yetu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, Mtwara ilipata kitu ambacho ilikuwa haijakiona kwa muda mrefu, na kwa misimu sita, hadi iliposhuka mwisho wa msimu wa 2019/20, Nangwanda Sijaona ulikuwa uwanja wa Ligi Kuu. Aliyekuwa akienda uwanjani miaka hiyo anajua kwamba kulikuwa na viwanja viwili katika kimoja. Kulikuwa na uwanja wa siku za kawaida, ambapo timu ya mkoa mwingine inakuja na mashabiki ni wale unaoweza kuwaita kwa majina, na kulikuwa na uwanja wa siku ambayo Simba au Yanga imekuja, ambapo watu walifika kutoka Nanyamba, Newala na Masasi tangu asubuhi, wauza ming'oko wakapanga sinia zao hadi barabarani, na mzunguko ukajaa rangi. Rangi zenyewe zilikuwa nyekundu, au njano na kijani. Bao la mgeni likishangiliwa, wachezaji wa Ndanda walikuwa wakirudisha mpira kati huku wakitazama chini, katika mji wao wenyewe.

Ruangwa, mkoani Lindi, imeonja hayohayo. Timu yake, Namungo, ilipanda mwaka 2019, na msimu wake wa kwanza tu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, ikafungwa na Simba 2–1 mjini Sumbawanga Agosti 2020, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya klabu za Afrika na kufika hatua ya makundi. Timu kutoka wilaya ya korosho na ufuta ilikuwa kundi moja na Raja Casablanca ya Morocco na Pyramids ya Misri. Haikupata pointi hata moja, ila kufika huko lilikuwa jambo ambalo mtu angetegemea libadilishe mioyo ya mikoa miwili. Iliwagusa baadhi yetu. Wengine waliipongeza asubuhi, na jioni wakarudi kubishana kuhusu usajili wa Kariakoo, yaani wa Simba na Yanga.

Nilikwenda sokoni kwa muuza jezi mmoja ambaye huzitundika kwenye kamba kuanzia mlangoni hadi kwenye nguzo ya umeme. Kulikuwa na jezi za Simba za msimu huu na za misimu iliyopita, za Yanga vivyo hivyo, za Arsenal, za Manchester United, hata moja ya timu ya Saudi Arabia yenye namba 7. Nilimwomba ya timu ya nyumbani. Alinitazama, akaangalia kwenye sanduku la nyuma, akaniambia kwa upole kwamba hiyo hutengenezwa kwa oda, na kwamba oda haipungui jezi ishirini.

Basi nikafikia hitimisho ambalo kwa siku chache lilinifurahisha kwa ukali wake: kwamba sisi ndio tuliotangulia kuondoka. Tuliihama timu ya nyumbani tungali watoto, tukiwa tumekaa karibu na redio za baba zetu, na kijana alichofanya ni kutufuata kule ambako mioyo yetu ilikuwa imeshahamia. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika makala hii nikielekea mwisho huo. Ingekuwa makala fupi, yenye maneno makali, na ingekosa jambo lenyewe, kwa sababu ilimweleza kila mtu isipokuwa yule dereva aliyesimama juu ya benchi.

"Nilikuwa nambeba bure"

Nilimkuta kijiweni, chini ya mwarobaini, akifuta tope kwenye pikipiki yake. Tulisalimiana, tukazungumza kwanza bei ya petroli, kisha nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini anamzomea mchezaji wa timu yake mwenyewe.

Alitaka kwanza kujua kama nimetumwa.

Nilipomwambia kwamba sijatumwa na mtu, alinieleza jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla yake. Kijana alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, mazoezi ya timu ya vijana yalikuwa yanafanyika upande wa pili wa mji, na nauli ilikuwa shida. Dereva huyu ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. "Nilikuwa nambeba bure, kaka," alisema. "Akipanda anashika begi la daluga kifuani, mvua ikinyesha analiweka ndani ya shati. Mimi nimemwona yule mtoto akiwafunga watu wazima. Nilikuwa nawaambia abiria wangu wote, hata wasiopenda mpira: Bongo nzima hakuna winga kama huyu."

Nikamwambia kwamba basi ilimpasa kufurahi zaidi ya wote, kwa kuwa timu aliyoipenda tangu utoto imekubaliana naye.

"Imekubaliana nini?" Alikitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Wanamwingiza dakika ya sabini na tano, mechi imeshaisha. Wakiwa wanahangaika, wakiwa wanatafuta bao, hawamwiti. Wanamwita kumaliza muda. Timu ile ni ya baba yangu, nimeirithi. Yule mtoto ni wa kwetu, nimembeba. Hivi viwili mimi sikutaka vikutane."

Akavaa kofia ngumu, kwa sababu abiria alikuwa amefika, akaondoka.

Nilibaki kijiweni kwa muda nikiwaza sentensi yake ya mwisho. Kwa miaka yote aliyokuwa hapa, kijana yule alikuwa bora kuliko wote, na hakuna aliyeweza kutubishia, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kupima. Tukikaa kibandani tukaona winga wa timu kubwa akipoteza mpira, mtu alikuwa akisema, "Angekuwa yule wa kwetu!" na kibanda kizima kilicheka kwa kukubali. Kauli hiyo ilikuwa mali yetu. Tuliitumia kila wiki, haikupungua. Siku alipotia saini, kauli ile iliisha, kwa kuwa sasa yumo, na kocha ambaye hatumjui, pamoja na benchi la ufundi lenye watu wa mataifa matatu, wanamtazama mazoezini kila siku na kuamua kwamba anastahili dakika kumi na tano.

Hapo nilielewa tofauti yetu na watu wa Cleveland. Wao walikasirika kwa sababu walijua kabisa thamani ya waliyempoteza, na waliogopa kwamba angeshinda bila wao, jambo ambalo lilitokea. Sisi tunaogopa kinyume chake. Tunaogopa kuambiwa, na timu ileile tunayoiamini kuliko nyingine zote, kwamba bora wetu ni mchezaji wa akiba wa kawaida. Kila akiinuka kuvua koti la mazoezi dakika za mwisho, hukumu hiyo husomwa upya mbele ya watu wote. Timu hatuwezi kuizomea, kwani tumeirithi. Kocha hatumwelewi lugha. Anayebaki ni mtoto wa jirani.

Bado nina shaka kidogo na maelezo yangu mwenyewe, maana dereva ni mtu mmoja na waliozomea walikuwa wengi, na wapo ambao walizomea kwa sababu jirani yao alizomea. Hata hivyo, tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza vizuri, na zomeazomea ni kubwa zaidi siku ambazo anaingia mwishoni timu ikiwa imeshashinda. Siku moja aliingia mapema kidogo, mwenzake akiwa ameumia, na timu ikiwa nyuma kwa bao moja. Siku hiyo kibanda kilinyamaza, watu wakasogea mbele.

Anayesikiliza kupitia mabati

Kuna nyumba tatu kati ya kibanda umiza na nyumba ya mama yake kijana. Sikulijua hilo siku ya kwanza, na nilipolijua nilihisi aibu kwa niaba ya mtaa. Nilikwenda kumsalimu. Alinikaribisha ukumbini, akaniletea maji na korosho, akaniuliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja. Mpira hakuwahi kuutazama, alisema, kwa kuwa mapigo ya moyo humwenda mbio na daktari alimwonya.

Nilisitasita kulitaja. Yeye ndiye aliyelitaja.

"Nikisikia wanazomea najua mwanangu ameingia," alisema. "Namshukuru Mungu, nasema leo amecheza. Siku wakishangilia tu mwanzo mpaka mwisho, ndiyo siku ambayo siwezi kulala, maana najua amekaa benchi."

Sina la kuongeza kuhusu mama huyo, isipokuwa kwamba katika mtaa wetu watu wanaolijali benchi lile kuliko wote ni yeye na yule anayeanzisha kelele, na kwamba hawajawahi kuzungumza.

Daftari la mwalimu

Nilisema nitarudi kwenye deni. Mtu pekee mwenye haki ya kudai ni mwalimu aliyemfundisha mpira kabla mtu yeyote hajamjua, mzee wa makamo ambaye bado huwakusanya watoto kila jioni kwenye kiwanja cha mchanga chenye magoli ya mianzi. Yeye hana hasira. Kinachomkera ni kwamba kocha wa Dar es Salaam anamchezesha kijana upande wa kulia ili aingie ndani na mguu wake wa kushoto. Mwalimu anaamini kuwa huko ni kumharibu, na alinichorea ubishi huo mchangani kwa kijiti kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuufuata.

Ana daftari la shule, la kurasa nyingi, lenye majina ya watoto wote aliowafundisha, miaka yao, namba za simu za wazazi, na alama ndogo pembeni ambazo hakutaka kunieleza. Nilimwambia kuhusu kanuni ya FIFA ambayo wengi wetu tunaisikia juujuu tu. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa baada ya hapo. Kwa kanuni hiyo, Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016, na alipotoka Genk kwenda Aston Villa mwaka 2020, klabu zilizomkuza zilistahili sehemu yao. Kijana wetu akiuzwa nje siku moja kwa thamani ya shilingi milioni 500, miaka minne aliyokaa kwa mwalimu, tangu 12 hadi 15, ingekuwa na thamani ya shilingi milioni 5.

Mwalimu alinyamaza, akapiga hesabu ya mipira na nyavu, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: je, daftari hili wanalikubali?

Hawalikubali. Inatakiwa klabu iliyosajiliwa na chama cha mpira, na mchezaji awe amesajiliwa humo kwa miaka hiyo, ili jina la klabu lionekane kwenye kumbukumbu zake. Timu ya mwalimu haijawahi kusajiliwa popote. Ni watoto, mchanga na filimbi. Kwa mujibu wa karatasi, kijana huyu alianza kucheza mpira siku alipoingia timu ya vijana upande wa pili wa mji, na miaka yote ya kabla ya hapo haipo. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo inayostahili kelele ambazo tunazimalizia kwenye televisheni. Kijana hakuichukua miaka hiyo alipoondoka. Sisi watu wazima wa mtaa, wenye kusoma na kuandika, wenye kamati ya mazishi iliyosajiliwa na kamati ya soko iliyosajiliwa, ndio ambao hatukuwahi kuiandika.

Tumeanza kuulizia utaratibu. Katiba ya klabu inahitajika, pamoja na orodha ya wanachama, viongozi na ada, na mwalimu ameshaniletea majina kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia. Katika watoto alionao sasa kuna mmoja wa miaka kumi na miwili ambaye hataki nimtazame anapocheza, kwa sababu anasema ninamwandika.

Kikao

Ligi ikisimama kijana atakuja nyumbani kwa mapumziko, na mtaani kumekuwa na mjadala kuhusu namna ya kumpokea. Vijana wa kibandani wanataka kwanza aombe radhi. Wajumbe wawili wa kamati wanataka alete seti ya jezi na mipira kumi, na wameshaandika barua yenye mhuri. Mzee wa baraza anasema aachwe apumzike na mama yake. Dereva wa bodaboda, nilipomfikishia habari, alisema kwamba yeye atakwenda kumpokea stendi, na kwamba nauli safari hii atailipisha, kwa kuwa mtu sasa ana mshahara.

Mimi nimependekeza aalikwe kiwanjani jioni moja kama mtazamaji, apewe kiti karibu na mwalimu, na asiombwe mpira hata mmoja siku hiyo. Nimependekeza pia kwamba kama anataka kuaga, aage wakati huo, na kama hataki, tusimuulize. Mwenyekiti alilisikiliza pendekezo langu, akasema ni zuri ila lina gharama ya kiti, watu wakacheka, kisha akaahirisha kikao hadi minada ya korosho ipite, kwa sababu wajumbe wengi wako mashambani na akidi haitimii.